Je, CT na PET za Saratani Zinatosha Kupima Kazi ya Moyo?

SWALI

Daktari, mama yangu ana miaka 59 na amegunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto, HER2 chanya (yaani seli za uvimbe zina wingi wa protini iitwayo HER2). Ametumia dawa za presha kwa muda mrefu. Tumeshafanya CT ya kifua na tumbo hapa Kisumu, kisha tukaenda Nairobi kwa skani ya PET. Sasa daktari wa saratani anataka eko ya moyo kabla ya kuanza kemo. Ripoti ya CT inasema moyo una ukubwa wa kawaida, na kwenye picha za PET tumeona upande mmoja wa moyo ukiwaka kama uvimbe wenyewe unavyowaka. Ikiwa moyo umeshaonekana mara mbili, kwa nini tulipe tena? Na je, huo mwako ni saratani imefika moyoni? Ripoti pia inataja kalsiamu katika mishipa ya moyo, ingawa hakuna aliyetueleza chochote juu yake.

JIBU

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Majibu mafupi ni haya: eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ifanyike, kwa sababu hakuna kati ya skani hizo mbili iliyopima kazi ya moyo; mwako mliouona kwenye PET, kwa jinsi ulivyoueleza, kwa uwezekano mkubwa ni misuli ya moyo ikitumia sukari kama ilivyo kawaida yake; na jambo la kalsiamu, ambalo umeliweka mwishoni kana kwamba ni dogo, ndilo ambalo mimi ningelishughulikia mapema zaidi. Sababu zenyewe ni ndefu kidogo, nami nitazipanga kwa utaratibu tofauti na wa swali lako, kwa kuwa moja hutegemea nyingine.

Daktari wa saratani anapoagiza eko hatafuti uvimbe. Anatafuta hasa namba moja: kati ya damu yote iliyojaa katika chemba kuu ya kushoto kabla ya moyo kupiga, ni asilimia ngapi inayosukumwa nje kwa pigo moja. Tuite namba hiyo kiwango cha msukumo. Kwa mwanamke mwenye moyo mzima huwa asilimia 54 au zaidi. Hakuna moyo unaotoa damu yake yote kwa pigo moja, kwa hiyo ukiona 60 usidhani mama amepoteza 40. Si alama ya mtihani.

Namba hiyo inatakiwa kwa sababu ya dawa zinazomsubiri. Kwa saratani ya titi ya HER2 chanya, mpango mmoja unaotumika sana huanza na doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi huiogopa kabla hata ya kuijua jina, na baadaye hufuata trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, ambayo kwa kawaida huendelea mpaka mwaka mmoja utimie. Doksorubisini huweza kuua seli za misuli ya moyo, na seli hizo hazioti tena kwa kiasi cha kuziba pengo. Madhara yake hutegemea jumla ya dozi ambazo mgonjwa amepata maishani. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003, waliopata tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa takriban 5 katika kila 100 jumla ilipofika miligramu 400 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, na takriban 26 katika kila 100 ilipofika miligramu 550. Mizunguko minne ya kawaida kwa saratani ya titi hufikisha jumla ya 240, na ndiyo sababu wengi huvuka salama. Hata hivyo hizo ni hesabu za wastani, na mama mwenye presha ya miaka mingi ambaye umri wake unakaribia 60 haanzii mahali pamoja na msichana wa miaka 30.

Trastuzumabu hudhuru kwa njia nyingine. Huzuia HER2, nazo seli za moyo huitumia hiyo hiyo HER2 kujirekebisha zinapochoka, hivyo moyo hudhoofika bila seli zake kufa kwa wingi, na mara nyingi nguvu hurudi dawa ikisimamishwa kwa muda. Hatari kubwa iko katika kuzichanganya hizo mbili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa waliopewa trastuzumabu wakati mmoja na dawa ya kundi la doksorubisini walipata hitilafu ya moyo kwa kiwango cha 27 katika kila 100. Tangu hapo, dawa hizo hutolewa moja baada ya nyingine, na eko hurudiwa takriban kila baada ya miezi 3 wakati mgonjwa anaendelea na trastuzumabu.

Kutokana na hayo utaona kwamba eko ya kwanza ni ya thamani kuliko zote zitakazofuata. Tuseme baada ya miezi sita eko ya mama inasoma 48. Kama alianza na 50, huenda hakuna kilichobadilika isipokuwa mkono wa mpimaji. Kama alianza na 65, amepoteza pointi 17 na dawa inabidi isimamishwe huku moyo ukitibiwa. Miongozo ya kitabibu huhesabu kwamba dawa imedhuru moyo pale namba inaposhuka kwa pointi 10 au zaidi na kuishia chini ya 50. Hakuna anayeweza kuhesabu mshuko huo ikiwa namba ya mwanzo haipo, na baada ya dozi ya kwanza namba ya mwanzo haiwezi kupatikana tena.

Sasa tuje kwenye CT. Kifua kizima hupigwa kwa sekunde chache mgonjwa akiwa ameshika pumzi, na katika sekunde hizo moyo unaopiga mara 70 kwa dakika huwa umeshapiga mara kadhaa. Mashine haikuwa imeunganishwa na waya za ECG, kipimo cha umeme wa mapigo ya moyo, kwa hiyo haikujua moyo ulikuwa unajikunja au unafunguka wakati ule; kipande cha juu cha moyo huenda kilinaswa ukiwa umejaa, na kipande cha chini yake kikanaswa ukiwa umejikunja. Kutokana na vipande vya namna hiyo huwezi kupata ujazo wa chemba kabla na baada ya pigo, na bila namba hizo mbili hakuna kiwango cha msukumo. Iko CT ya moyo inayofuata mapigo kwa ECG na inayoweza kupima kiwango hicho, lakini ni kipimo kingine chenye maandalizi yake na mionzi yake, wala sicho mama alichofanyiwa.

Na yale maneno "ukubwa wa kawaida" yasikutulize kupita kiasi. Maana yake kwa kawaida ni kwamba upana wa moyo haujazidi nusu ya upana wa kifua, au kwamba msomaji wa picha hakuona chemba iliyotanuka waziwazi. Moyo huweza kupoteza nguvu za kusukuma muda mrefu kabla ya kutanuka, hasa uharibifu ukiwa mpya. Kuna pia kosa la upande wa pili: mtu mwenye presha ya miaka mingi huweza kuwa na ukuta mnene na chemba ndogo, moyo ukaonekana wa kawaida kwa nje, huku ndani umekuwa mgumu na haufunguki vizuri kupokea damu. Hilo CT haitakuambia, bali eko itakuambia kwa dakika chache.

Lakini nisiidharau CT, kwa maana inaona mengi ambayo mgonjwa ameshayalipia bila kujua. Inaonyesha maji yakikusanyika katika utando unaofunika moyo, na katika sehemu zetu maji hayo humfanya daktari afikirie kifua kikuu pamoja na saratani, kwa sababu matibabu ya hayo mawili ni tofauti kabisa. Inaonyesha damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu, jambo ambalo saratani hulichochea. Mgonjwa aliyechomwa dawa ya kung'arisha mishipa huweza kuonyesha dawa hiyo ikirudi nyuma mpaka kwenye vena za ini, dalili kwamba upande wa kulia wa moyo huenda una shinikizo kubwa, ingawa kuchoma dawa kwa kasi pia huweza kuleta picha hiyo hiyo. Ukuta uliokonda na kuingiwa na mafuta husema kwamba kulikuwa na shambulio la moyo zamani, pengine lile ambalo familia ililiita vidonda vya tumbo. Hata upungufu wa damu huonekana: katika CT isiyo na dawa ya mishipa, damu iliyopungukiwa na hemoglobini huwa nyeusi kuliko ukuta wa moyo unaoizunguka. Hayo yote ni habari za umbo na za hatari, nazo ni habari za kweli, ila hakuna hata moja kati yake inayojibu swali la daktari wa saratani.

Nikae sasa kwenye kalsiamu. Mishipa inayolisha moyo wenyewe huota mafuta ukutani kadiri miaka inavyokwenda, na sehemu ya mafuta hayo hugeuka ngumu kwa madini ya kalsiamu. Kwenye CT madini hayo hung'aa meupe, na kipimo rasmi huhesabu kila kinachozidi 130 katika vipimo vya Hounsfield, ambapo maji ni 0 na hewa ni -1000. Mbinu ya kuyahesabu kwa alama ilichapishwa na Agatston na wenzake mwaka 1990 na hutumia CT inayofuata mapigo. Katika CT ya kawaida ya kifua hatutoi alama kamili, lakini tunaweza kusema kama kalsiamu haipo, ni kidogo, ni ya wastani au ni nyingi, na makisio hayo hukubaliana vizuri na kipimo kamili. Vyama vya wataalamu vya Marekani vilishashauri, katika mwongozo wa mwaka 2016, kwamba jambo hili litajwe katika ripoti ya kila CT ya kifua isiyo na dawa ya mishipa, hata kama picha ilipigwa kwa sababu nyingine. Kwa maoni yangu ushauri huo haufuatwi vya kutosha kwetu. Daktari wa radiolojia anayesoma picha za saratani hutazama mapafu, ini, mifupa na tezi, na kalsiamu ya moyo hubaki mstari mmoja ukurasa wa pili ambao hakuna aliyekabidhiwa kuufanyia kazi: daktari wa saratani huona si ugonjwa wake, na daktari wa presha haipati ripoti.

Hapa kuna jambo ambalo huenda litawafaa. Ikiwa CT ya Kisumu ilipigwa kwa dawa ya kung'arisha mishipa, kalsiamu kidogo huweza kufichwa na weupe wa dawa yenyewe. Lakini skani ya PET huja na CT yake ndani ya mashine hiyo hiyo, na mara nyingi CT hiyo hupigwa kwa mionzi kidogo bila dawa ya mishipa. Hiyo ndiyo picha nzuri zaidi mliyo nayo ya kuangalia mishipa ya moyo, na iko kwenye CD mliyopewa Nairobi. Msirudie kitu. Ombeni kitengo cha radiolojia kilichosoma picha hizo kiandike nyongeza fupi kuhusu kiasi cha kalsiamu na mishipa gani inayohusika. Ni kazi ya dakika chache kwa msomaji wa picha, na ninaamini hatakataa akiombwa kwa barua ya daktari.

Kalsiamu hiyo haizuii kemo, na mtu yeyote asikutishe kwa hilo. Inabadilisha mambo mengine. Kwanza, presha ya mama ishughulikiwe kwa bidii kuliko ilivyokuwa, kwa sababu presha iliyoachwa ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza madhara ya doksorubisini na trastuzumabu, na tofauti na umri, ni kitu kinachorekebishika. Pili, apimwe mafuta ya damu na sukari, na daktari aamue kuhusu dawa ya kundi la statini, ambazo hushusha mafuta ya damu. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, wataalamu wa tiba ya mionzi waambiwe. Titi la kushoto liko mbele ya moyo, na mshipa mkuu unaoshuka mbele ya moyo uko karibu mno na njia ya mionzi. Utafiti mkubwa wa wanawake wa Sweden na Denmark, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kila grei moja (kizio cha dozi ya mionzi) ya wastani wa mionzi inayoufikia moyo huongeza matukio makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, kuanzia miaka mitano ya kwanza na kuendelea kwa miongo miwili au zaidi. Asilimia hiyo hiyo huwa na uzito mkubwa zaidi kwa mtu ambaye mishipa yake tayari ina ugonjwa. Zipo njia za kupunguza dozi hiyo, ikiwemo kumfundisha mgonjwa avute pumzi ndefu na kuishikilia wakati mionzi inapopigwa, ili mapafu yaliyojaa yausogeze moyo mbali na ukuta wa kifua. Ikiwa baada ya upasuaji mtaelekezwa kwenye kituo cha mionzi, iwe ni hapa Nakuru, Eldoret au Nairobi, ulizeni kuhusu njia hiyo, na mpeleke ile nyongeza ya ripoti mkononi.

Kuhusu PET, yafaa kueleza kwanza kile kinachowaka. Mgonjwa huchomwa sukari iliyofungwa na florini-18, chembe yenye mionzi, na kamera huonyesha mahali sukari hiyo ilipokwenda kwa wingi. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, ndiyo maana huwaka. Ubongo huwaka daima. Moyo una tabia yake: mtu akiwa amefunga, misuli ya moyo hutumia zaidi mafuta, na mtu akiwa amekula, hasa vyakula vya wanga, insulini hupanda na moyo hugeukia sukari. Kwa hiyo wagonjwa huambiwa wasile kwa angalau saa nne hadi sita kabla ya sindano. Hata wakifuata agizo hilo kikamilifu, moyo wa mmoja hubaki giza, wa pili huwaka wote, na wa tatu huwaka kwa mabaka, mara nyingi kwenye ukuta wa pembeni wa chemba ya kushoto, jambo ambalo linafanana na mliloliona. Kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari asubuhi hiyo kinatosha kubadilisha picha. Saratani ya titi kufika kwenye misuli ya moyo ni jambo la nadra, na ikifika huonekana kama bonge lililosimama mahali pake, mara nyingi pamoja na maji kwenye utando wa moyo au na saratani iliyoenea sehemu nyingine. Ikiwa ripoti ya PET haikutaja kitu cha namna hiyo, mwako wa ukuta mmoja si sababu ya kukosa usingizi. Na pindi eko itakapofanywa, itautazama ukuta huo huo kwa jicho lingine.

Utaona basi kwamba mwangaza wa moyo kwenye PET hupima hamu ya misuli ya kutumia sukari siku ile, wala haupimi nguvu za kusukuma. Moyo dhaifu huweza kuwaka sana na moyo wenye nguvu ukabaki giza. Watafiti wamechunguza kama mwako unaoongezeka kati ya PET ya kabla ya kemo na ya baadaye unaweza kutabiri madhara ya dawa, na kuna dalili za kuvutia, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja tofauti ya chakula na ya insulini huvuruga hesabu kiasi kwamba mimi nisingeibadilisha dozi ya mtu kwa sababu hiyo. Ishara moja ya mwako ambayo huwa naichukulia kwa uzito ni chemba ya kulia ikiwaka kuliko kawaida, kwa kuwa huweza kumaanisha kwamba inasukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa la mapafu.

Swali lako, hata hivyo, lina akili kuliko ulivyodhani, kwa sababu PET inaweza kabisa kupima kazi ya moyo ikipangwa hivyo. Ukiifungia mashine waya za ECG, kompyuta huweza kugawa kila pigo katika hatua na kuonyesha chemba ikijikunja na kufunguka, kisha ikahesabu kiwango cha msukumo. Shida ni kwamba ukuta wa moyo lazima uwe umewaka ndipo uonekane, na daktari wa saratani anataka moyo uwe giza ili usifunike uvimbe na tezi za karibu. Kila mmoja anavutia upande wake. Njia ya pili ni kuanza kurekodi tangu sukari inapoingia kwenye mshipa, uifuate ikipita upande wa kulia wa moyo, mapafuni, kisha upande wa kushoto, na kutokana na kasi hiyo ukokotoe kiasi cha damu ambacho moyo hutoa kwa dakika. Kwa utaratibu wa kawaida wa saratani jambo hilo halifanyiki: mgonjwa huchomwa sindano, hukaa kimya katika chumba kwa takriban dakika 60, ndipo aingie kwenye mashine, na kufikia hapo safari ya kwanza ya damu imeshapita zamani. Mashine ndefu zinazonasa mwili mzima kwa mara moja, ambazo picha zake za kwanza za binadamu zilitolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis mwaka 2018, zimerahisisha kazi hiyo, na ninatarajia kwamba siku moja ripoti ya PET ya saratani itakuja na ukurasa wa moyo. Lakini namba haiwezi kutolewa leo kutoka kwenye picha ambazo hazikupigwa kwa ajili yake, hata ukimpa mtaalamu hodari zaidi CD hiyo pamoja na programu ya kisasa.

Huenda umejiuliza pia kwa nini PET iliwalazimu kwenda Nairobi ilhali eko inapatikana Kisumu, Nakuru na Eldoret. Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Dawa iliyotengenezwa Nairobi na kusafirishwa kwa barabara kwa muda wa saa saba ingefika Kisumu ikiwa imebaki chini ya sehemu moja ya kumi. Eko haina mionzi wala dawa inayokwisha njiani. Ni mawimbi ya sauti, yanaweza kurudiwa kila baada ya miezi 3 bila kumdhuru mama, na gharama yake ni sehemu ndogo ya ile ya PET. Kabla ya siku yenyewe, pitieni dawati la SHA, bima ya afya ya jamii, la hospitali mtakayoitumia muulize ni kiasi gani kinalipwa na ni kiasi gani mtatoa mfukoni.

Kipo kipimo cha nyuklia kilichotumika miaka mingi kwa kazi hii hii, ambapo chembe nyekundu za damu hutiwa teknetiamu-99m na kamera huzifuata zikijaa na kutoka moyoni kwa mpangilio wa ECG. Namba zake ni za kuaminika, lakini kina mionzi, na hakionyeshi vali wala utando wa moyo. Kama eko ya mama haitaonekana vizuri kwa sababu ya umbo la kifua au kidonda cha upasuaji, hicho au MRI ya moyo ndiyo njia mbadala.

Eko nayo si kipimo cha kuaminiwa kwa macho yaliyofumba. Vipimo viwili vya mtu yule yule, vikifanywa na watu tofauti kwa mashine tofauti, vinaweza kutofautiana kwa karibu pointi 10 bila moyo kubadilika, na 10 ndiyo tofauti ile ile tunayoitumia kuamua kwamba dawa imedhuru. Chagueni basi mahali pamoja na mrudi hapo kila mara, ikiwezekana kwa mpimaji yule yule. Ombeni ripoti iandike namba yenyewe, si "kazi ya moyo ni nzuri" peke yake, na ieleze kama namba hiyo ilipimwa kwa kuchora mipaka ya chemba au ilikisiwa kwa macho. Kama mashine ina uwezo wa kupima jinsi misuli inavyofupika kwa urefu wakati wa pigo, kipimo hicho kiongezwe, kwa sababu hushuka mapema kuliko kiwango cha msukumo, na kushuka kwake kwa zaidi ya asilimia 15 ya namba ya mwanzo ni onyo. Presha ya mama iandikwe siku hiyo, maana presha ikiwa juu namba zote hubadilika.

Pia vali ziangaliwe kwa makini. Katika eneo letu bado tunakutana na watu wazima ambao vali zao ziliharibiwa utotoni na homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo, na ambao hawajawahi kuambiwa. CT ya kawaida haioni vali inayovuja. Vali kati ya chemba mbili za kushoto ikivuja sana, sehemu ya damu hurudi nyuma badala ya kwenda mwilini, nayo huhesabiwa kama damu iliyosukumwa. Kwa hiyo mgonjwa huweza kupewa 62 nzuri ya kupendeza huku moyo wake unahangaika. Pamoja na eko, mama apigwe ECG, na ikiwa maabara inaweza, apimwe troponini na NT-proBNP, vipimo vya damu vinavyoonyesha moyo ukiumia au ukielemewa, kabla ya dozi ya kwanza, ili navyo viwe na namba za mwanzo.

Ikiwa namba itakuja chini ya 50, au ikiwa itakuwa ya kawaida lakini kalsiamu ni nyingi na presha haijashika, matibabu ya saratani hayaishii hapo. Uko mpango usiokuwa na doksorubisini kabisa, wenye dositakseli, kaboplatini na trastuzumabu, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 waliotumia mpango huo walipata matatizo ya moyo kwa uchache sana kuliko waliopata doksorubisini, huku matokeo dhidi ya saratani yakikaribiana. Kwa mgonjwa kama mama, ningemwomba daktari wa saratani auzungumzie mpango huo waziwazi akiwa na majibu ya eko mezani pamoja na nyongeza ya kalsiamu. Daktari wa moyo naye huweza kuanzisha dawa za kulinda moyo mapema, nyingine zikiwa ni zile zile zinazoteremsha presha, hivyo mpeleke orodha ya dawa anazotumia sasa ili zisije zikarudiwa mara mbili.

Matibabu yakishaanza, mama apimwe uzito nyumbani kila asubuhi kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, miguu ikivimba, akianza kuhitaji mito miwili ili apumue usiku, au akichoka kwa mwendo ambao wiki iliyopita haukumchosha, msisubiri eko inayofuata ya kila miezi 3. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari wa zamu jina la dawa aliyochomwa mara ya mwisho na tarehe yake.